Barabara Iliyonyang'anywa Namba

Ardis Tollefson alikuwa anapangusa mlango wa chumba cha tangi la maziwa aliposikia lori la Merle, mchukuzi wa maziwa, likisimama ng'ambo ya kijito. Halikuvuka. Akatembea hadi darajani. Kwenye nguzo palikuwa na kibao kipya: uzito mwisho tani kumi.

"Vuka bwana! Tangi limejaa mpaka shingoni. Jioni nikikamua nitamimina wapi?"

"Likijaa hili ni tani thelathini na kitu, mama. Nikivuka, watu wa bima wananitema."

"Juzi si ulivuka?"

"Juzi daraja lilikuwa la jimbo. Leo ni la kaunti."

"Kwa hiyo limekonda usiku mmoja?"

Merle akacheka bila raha, akaanza kurudi kinyumenyume.

Ardis alizaliwa kando ya barabara hiyo ikiitwa Sitini na Moja, magari yakipanga foleni kusubiri kivuko cha mtoni. Jimbo lilipojenga daraja kubwa kule kusini, namba likaihamishia huko. Kivuko kikafa. Hii ikaitwa Mia na Sitini na Moja, ikawa inazibwa viraka tu. Sasa haikuwa na namba yoyote, na nyumba ya mwisho kabla ya mto ilikuwa yake.

Alipiga simu kaunti.

"Jimbo limetukabidhi barabara, hela limebaki nazo," karani alisema. "Mhandisi wetu hawezi kulitilia sahihi daraja la enzi za babu yake. Zungumza na jimbo."

"Jimbo wameniambia nizungumze na nyinyi."

"Basi si ndiyo tumeshazungumza, mama."

Alasiri lori la jimbo lenye winchi lilivuka kijito bila hata kupunguza mwendo, likapita langoni kwake kwenda kung'oa vibao vya namba hadi mtoni. Ardis alilitazama mpaka likapotea. Kisha akawasha trekta, akaiegesha katikati ya daraja.

Lori liliporudi, msimamizi akachungulia dirishani. "Mama, sogeza hiyo tupite."

"Lina tani ngapi hilo?"

"Kumi na nne hivi. Kwani vipi?"

"Soma hapo."

"Aa, hicho hakituhusu. Sisi ni wa jimbo."

"Jimbo limeshaondoka hapa. Vibao vyake si umevibeba mwenyewe?"

"Sasa sisi tutatokea wapi? Huko nyuma ni mto mtupu!"

"Hilo ndilo ninalowauliza wakubwa zako tangu asubuhi."

Msimamizi akatoa simu, akaanza kubofya kwa hasira. Bandani ng'ombe walikuwa wameanza kulia. Saa ya kukamua ilikuwa imefika, na viwele viliwauma. Ardis alijua sherifu atakuja, na kwa kuwa kuziba barabara ni kosa, sheria leo itakuwa upande wa lori. Akazima injini, akachomoa ufunguo, akaudumbukiza ndani ya buti lake.