Miavuli Nyuma ya Mlango

Nyumbani walimwita Soko Huria. Jina hilo alibandikwa na kaka yake tangu utotoni, alipokuwa akiwauzia wenzake zamu yake ya kuosha vyombo. Sasa alikuwa mchumi wa wizara, mama wa mtoto mmoja, na sheria mpya ya pensheni ilikuwa kazi ya mikono yake: kila mfanyakazi awe na akaunti yake ya uzeeni, na achague mwenyewe kampuni ya kuitunza, badala ya wote kutegemea mfuko mmoja wa serikali.

Wazo hilo lilikuwa na mzizi wake. Baba yake, dereva wa malori ya serikali, alizeeka akiambiwa "njoo kesho" kwenye dirisha la mfuko ule, hadi hiyo kesho ikafika yeye hayupo.

Jumapili ya mwisho kabla ya muda wa kuchagua kwisha, alimkuta mama yake jikoni akimenya viazi. Mama alikuwa mpishi wa hospitali, na kustaafu kulikuwa kumekaribia.

"Mwanangu, mawakala wametuganda kazini kama ruba. Kila mmoja na mwavuli wake wa bure. Nitajie jina la kampuni moja tu nikajiandikishe, yaishe."

"Siruhusiwi, Mama."

"Na nani?"

"Na sheria. Sisi wa wizarani hatumchagulii mtu kampuni, hata awe ndugu."

"Na sheria hiyo katunga nani?"

"Mimi."

Mama akaweka kisu chini. "Kumbe nilizaa hakimu. Nimekubeba mgongoni, nimekusomesha kwa moshi wa masufuria, leo neno moja unanibania."

Yalimwingia. Jina lilikuwa limemjaa mdomoni, na alijua pia kampuni ambayo ada zake zingeitafuna akiba ya mama kama mchwa. Lakini leo angemtajia mama, kesho kaka, keshokutwa jirani, na mawakala wangejua mlango wa kubisha hodi na bahasha.

Akavuta kigoda, akachukua kiazi.

"Jina sina. Lakini ukinunua nyanya, unafanyaje kwanza?"

"Nazibonyeza."

"Basi wabonyeze na wao. Waulize: Ada mnakata kwenye mchango wangu, au kwenye akiba yote kila mwaka? Nikitaka kuhama mnanitoza? Nikifa, wanangu wanalipwa baada ya muda gani?"

Mama aliokota ganda moja, akaligeuza. "Menya taratibu," akasema. "Nusu ya kiazi unaitupa na maganda."

Wiki ile mchumi aliishi roho mkononi. Akimnyonyesha mwanawe alimwona mawazoni mama yake akitia saini kwa sababu ya mwavuli mzuri.

Muda ulipokwisha, akaenda kwa mama yake, mtoto amelala mgongoni. Mama alimpokea anacheka.

"Tumewabonyeza, mwanangu. Tulikaa wapishi na wafagizi, tukawaita mmoja mmoja. Yule wa suti ya kijivu, kuulizwa habari ya kuhama, akakumbuka ana msiba. Na mwenye mwavuli mkubwa ndiye mwenye ada kubwa. Mwavuli tukapokea, tukamshukuru."

"Kwa hiyo umechagua kampuni gani?"

Mama akamtazama kwa jicho la pembeni. "Siruhusiwi."

Walicheka hadi mtoto akaamka. Mama akamchukua, akamlaza begani.

"Baba yako alilibembeleza dirisha mpaka akafa," alisema polepole. "Mimi nimebembelezwa, tena na watu wenye tai. Ahsante, mama'angu."

Mchumi alishika kona ya nguo ya mtoto, akaikunja, akaikunjua.

"Ahsante wewe, Mama," akasema mwishowe. "Kwa ule moshi."

Alipoaga, mvua ilikuwa imeanza.

"Chukua mwavuli hapo nyuma ya mlango, mtoto asilowe."

Akausogeza mlango. Miavuli ya kampuni zote ilikuwa imesimama pale, bega kwa bega, kila mmoja na rangi yake.

"Nichukue upi?"

Mama alikuwa ameshageukia viazi vyake.

"Chagua mwenyewe."