Verlene na Fundi wa Paa

Mvua ya mawe ikipiga huku kwetu Oklahoma, mafundi wa paa hufika kabla barafu haijayeyuka uani. Wanatoka majimbo ya mbali na ngazi juu ya magari, wanagonga nyumba hadi nyumba, na kila mmoja anakuapia kwamba paa lako limekwisha na kampuni ya bima italipa kila kitu. Ndiyo maana mke wangu Verlene alimpokea yule kijana mlangoni kama anampokea nyoka aliyevaa kofia.

"Naitwa Colt, mama. Napanda bure, naangalia tu."

"Cha bure ghali," akasema Verlene. "Na hiyo nyundo kiunoni ni ya kuangalilia nini?"

"Ya kazi tu, mama. Basi naiacha hapa." Akailaza kwenye nyasi.

"Mwenye nyundo moja ana mbili."

Nilicheka, lakini hofu yake naijua, na ni yangu pia. Majira ya baridi ya mwaka juzi bomba lilipasuka, maji yakaharibu jiko zima, tukaidai kampuni ya bima fidia. Wakalipa, kisha wakatuonya: mkidai tena karibuni, mtafute bima kwingine. Na kwingine, kwa nyumba kuukuu iliyo kwenye njia ya dhoruba, hakuna anayekutaka. Benki nayo haikubali nyumba yenye mkopo ikae bila bima. Itakukatia yake, ya bei ya kukutoa machozi, na kwa pensheni zetu hizi tungeishia kuihama nyumba. Kwa hiyo swali letu lilikuwa moja tu: paa limeumia kiasi cha kudai, au tunyamaze?

"Tumuulize Wendell Jumapili," nilimwambia. Wendell ndiye wakala aliyetuuzia bima, na kanisani tunakaa naye benchi moja. "Tumuulize kwa mdomo, kwenye kahawa, baada ya ibada."

"Wendell analishwa na kampuni. Unataka nimkabidhi fisi bucha?"

Sikubishana. Nikamshikia Colt ngazi, akapanda. Verlene alisimama uani, kiganja juu ya macho, akimfuata kila hatua mpaka alipopotea upande wa pili wa paa. Mara tukasikia ko, ko, ko.

"Umesikia? Anatuchimbia mashimo, halafu atatwambia ni ya mvua. Yule fundi wa kwa jirani Odell alifanya hivyo hivyo."

"Nani kasema?"

"Odell mwenyewe."

"Odell anasema mengi."

"Garland, wewe mtu akikuibia kiatu utamkimbilia umpe na soksi."

Akaingia ndani na kuubamiza mlango. Nikadhani amekwenda kutafuta chai ya barafu, maana akikasirika hunywa chai. Nikabaki na ngazi yangu.

Colt alishuka taratibu, shati limelowa jasho.

"Ulikuwa unagonga nini kule?" nikamuuliza.

"Kifuniko cha dohani, mzee, kwa vidole tu. Nilitaka kujua kama kimelegea. Hakijalegea. Paa lenu ni zima. Kuna vigae vichache vimeinuka, navipigilia sasa hivi, mnipe kitu cha kunywa tu. Msidai. Gharama yake haifiki hata ile sehemu mnayojilipia wenyewe kabla ya bima kuanza kulipa." Akashusha sauti. "Na msiwapigie kampuni, hata kuuliza. Wanaandika. Bibi yangu aliuliza tu, hakupewa hata senti, wakamhesabia kuwa ni dai."

Nilitazama dirisha la jikoni. Verlene alikuwa na simu sikioni.

Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia tena.

"Nauliza tu," akaninong'oneza, ameifunika simu kwa kiganja. "Nimewauliza, fundi akitoboa paa kwa nyundo wanasemaje. Tumuwahi kabla hajashuka, mwizi yule."

Nikaichukua simu. Binti wa upande wa pili alikuwa na sauti ya asali. "Poleni sana na dhoruba, mzee. Nimeshawafungulia jalada la dai, mkaguzi atawapigia."

"Lifunge, binti yangu. Paa ni zima."

"Nitalifunga. Kulifuta ndiyo siwezi."

Nikamwambia Verlene yote, ya binti na ya Colt. Juu ya vichwa vyetu kijana alikuwa ameanza kupigilia vigae vyetu, kwa malipo ya glasi ya chai. Nilikuwa na hasira na mke wangu, sifichi, na huruma nyingi kuliko hasira. Alikaa kitini, mikono mapajani.

"Tutaihama nyumba?" akauliza.

"Hatuhami. Haitakuwa kitu."

Akanitazama usoni, na nikaona haniamini.