Ufa wa Ubavu wa Saba

"Utasema alikubonyeza mpaka ukalia," Sista Mkuu alimwambia Bibi, mama yake mzazi, huku akimfunga kilemba kwa nguvu kama anayefunga mzigo. "Basi. Usianze kupiga stori."

"Lakini sikulia, mwanangu."

"Ulilia moyoni, mama!"

Walikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha wauguzi, na ng'ambo ya ukuta viti vilisikika vikiburutwa. Leo hospitali ilikuwa inaamua kama daktari wa osteopathi abaki au afungashe virago. Alikuwa amesomea dawa na upasuaji kama wenzake, leseni yake kamili, ila alifundishwa pia kupima na kutibu kwa mikono: kupapasa mgongo, kulegeza viungo, kuuliza mtu anakaaje na analalaje. Kwa hilo walimwita Daktari Vidole, na wakati wa chakula hakuna aliyekaa meza yake.

Kosa lake lilikuwa ubavu wa Bibi. Wiki mbili nyuma Bibi alipelekwa kwake kwa maumivu ya mgongo, na siku hiyohiyo picha ikaonyesha ufa. Sista Mkuu, aliyemchukia daktari yule tangu siku ya kwanza, akaandika malalamiko kurasa mbili.

Bibi alikumbuka vingine. Daktari alisugua viganja vyake kwanza vipate joto, akaomba ruhusa ya kumgusa, kwa upole wa mtu anayebisha hodi. Vidole vilishuka polepole mpaka ubavu wa saba, vikasimama. Havikubonyeza.

"Asubuhi unaamkaje kitandani, mama?"

"Binti yangu huniamsha. Anapitisha mikono kwapani kutoka nyuma, anaifunga kifuani, moja, mbili, hop! Ndivyo wanavyonyanyua wagonjwa wodini."

Daktari akaondoa mikono yake. "Mifupa yako imekuwa dhaifu. Leo sitakutibu kwa mikono. Picha kwanza."

Ndipo Bibi alipokumbuka asubuhi moja, wiki kadhaa kabla, ambapo kitu kilimlia ubavuni, ka! Akamshika daktari mkono. "Usimwambie. Ananiamsha kwa mapenzi."

"Basi mwambie wewe. Leo hii, aache kukunyanyua hivyo."

Bibi hakumwambia. Alisema tu kwamba kuanzia sasa ataamka mwenyewe, na binti akanuna kutwa nzima.

Katika kikao, mwenyekiti alikuwa daktari wa mifupa, bwana mwenye miwani kwenye paji la uso. Aliinua picha kwenye mwanga.

"Mgonjwa aliingia kwako mzima, akatoka na ufa. Hii ndiyo tiba yenu ya kukanda?"

Watu wakacheka. Daktari Vidole alisimama. "Tazama kingo za ufa, daktari. Mfupa umeshaanza kuunga. Una wiki tatu au zaidi. Mimi nilimwona saa moja kabla ya picha."

Mwenyekiti akashusha miwani, akatazama, akaitazama tena. Ni wazi hakuwa ameitazama vizuri. Lakini hakurudi nyuma. "Basi aliupatia wapi?"

Daktari akageuza macho kwa Bibi, kisha akayashusha chini. "Hilo si langu kulisema."

"Unaona!" Sista Mkuu aliruka. "Hana jibu! Anakandakanda watu, akibanwa anajifanya bubu. Aende akafungue duka la kukandia huko mitaani!"

"Kama huna jibu," mwenyekiti akasema, "leo tunafunga faili lako."

Bibi alimtazama daktari yule, mwanamke mwenzake, akivumilia kudhalilishwa. Neno moja tu lingemwokoa, naye alilimeza kwa sababu kikongwe mmoja alimshika mkono.

"Mimi ninalo jibu," Bibi alisema.

"Mama, kaa."

"Nimekaa siku nyingi, mwanangu. Ubavu ulilia nyumbani, siku uliponinyanyua. Hukujua. Ulinibana vile mnavyobana wodini, na mimi mifupa yangu imechoka. Huyu aligundua, nikamwomba anyamaze, akanyamaza mpaka mnataka kumfukuza."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alirudisha picha ndani ya bahasha. "Malalamiko yamefutwa," alisema kwa hasira, kama anayelazimishwa. "Abaki. Lakini mgonjwa wangu hamgusi." Akatoka bila kumtazama mtu yeyote.

Daktari Vidole alimsogezea Bibi fimbo yake.

Sista Mkuu alimngoja mama yake garini, injini ikiwaka.

"Umenivua nguo mbele ya wote. Miaka ishirini nawafundisha wasichana kunyanyua wagonjwa hivyohivyo."

"Nilipaswa kukwambia nyumbani. Kosa ni langu."

"Kesho akuamshe huyo shoga yako."

"Nitaamka mwenyewe, kama wiki hizi mbili."

"Uanguke! Usiniite!"

Bibi akapanda garini, akakaa. Sista Mkuu aliinama juu yake, akavuta mkanda wa kiti kwa ncha za vidole, mbali na mwili wa mama yake, akaufunga bila kumgusa popote. Uso wake ulikuwa umekaza, na macho yalikuwa mekundu. Lakini kabla ya kuondoa gari aliurudia ule mkanda, akaulegeza kidogo pale ulipopita ubavuni.

Bibi aliliona hilo. Akatazama nje ya dirisha, maana kama angemshukuru, wangeanza kugombana upya.