Klachi ya Alhamisi

Alfani alilipiga gurudumu la gari lake teke, kidole kikamuuma, hasira zikamzidi. Gari lilikuwa limemgomea katikati ya mwinuko wa ng'ambo ya mto Mkurumudzi, linanuka kama nywele zilizoungua. Injini haikuwa na neno. Ukikanyaga mafuta inavuma kwa nguvu zake zote, lakini magurudumu hayana habari.

"Klachi!" alisema, kama anayemtaja mwizi wa kuku wake. "Klachi tena!"

Hii ilikuwa ya tatu tangu alinunue kwa Mzungu mmoja wa Diani, aliyefunga virago mwaka ule wa uhuru. Watu wa Mwabungo walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao: Mzungu hakuuza gari, aliuza maiti. Alfani naye alimlaumu Mzungu, akamlaumu muuza spea wa Mombasa, akamlaumu hata Chirau, fundi wake wa Ukunda, ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza swali.

"Bwana Alfani, niwie radhi. Huwa huupumzishi mguu juu ya pedeli ukiwa safarini? Ukiegemeza hata kidogo tu, klachi haishiki sawasawa. Inasuguana mpaka inaungua."

"Mimi? Mimi nimeendesha malori ya miwa wewe hujaijua spana!"

Chirau hakubishana. Alipanda naye mpaka Galu na kurudi, macho kwenye mguu ule, na mguu ukakaa sakafuni kwa adabu zake. Jana, alipomaliza kufunga klachi mpya, alivuta breki ya mkono, akatia gia ya juu, akaiachia klachi taratibu. Injini ikazimika papo hapo.

"Umeona? Inashika. Ingekuwa inateleza, injini ingeendelea kuvuma. Hii nzima."

Nzima! Na huko Msambweni Randu, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa anangoja. Alfani alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba klachi hii nayo ikiungua, gari ni la Randu. Bila gari hakuna biashara ya nazi, na bila nazi ni kurudi kuendesha malori ya wenyewe na kutukanwa na wasimamizi. Alishaonja maisha hayo, hakuyataka tena.

Ndani ya gari, kiti cha mbele, alikaa mama mkwe wake, Bi Mwanatumu, na mguu wake wa kidonda, uliofungwa bendeji na usiokunjika. Kila Alhamisi Alfani alimpeleka hospitali kusafishwa. Mguu ule ulinyooka mpaka upande wa dereva, na mkwe si mtu wa kugusana naye magoti. Alfani hata usoni hakumtazama. Wakiwa na neno la kuambiana, walimpitishia Biasha, mkewe Alfani, aliyekaa nyuma katikati ya nazi.

"Biasha!" Alfani alifoka dirishani. "Jumatatu gari linakwenda! Jumamosi linakwenda na mzigo juu! Linakufa Alhamisi tu, siku ya mama yako! Gari hili halina ugonjwa, lina mkosi!"

Neno lilikwisha kutoka. Biasha akaziba mdomo kwa kanga. Alfani alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi haikumsaidia.

Bi Mwanatumu aliendelea kutazama barabara.

"Biasha."

"Labeka, mama."

"Mwambie mumeo mkosi haukanyagi pedeli. Anayekanyaga ni yeye. Tukiondoka tu nyumbani, mguu wake wa kushoto anaukunja kuukimbia wangu, anaupandisha pale juu, na hauteremki mpaka Msambweni."

Alfani alifungua mlango abishe. Alikaa kitini. Mguu wake wa kushoto, bila kutumwa na mtu, ukajivuta kuiepuka bendeji, ukatua juu ya pedeli ya klachi. Aliutazama kama mtu aliyefumania.

"Biasha," alisema kwa taabu, "muulize mama ameliona lini jambo hili."

"Tangu klachi ya kwanza," mama akajibu. "Lakini mtu atautajaje mguu wa mkwewe?"

Walingoja klachi ipoe. Kisha Alfani akaubandika mguu sakafuni. Goti lake likagusana na goti la mama mkwe. Yeye akatazama vichaka vya kulia, mama vya kushoto. Gari likashika, likaupanda mwinuko wote bila kunung'unika.

Alfani alitaka kupiga kelele. Klachi tatu! Mzungu wa watu, muuza spea wa watu, Chirau wa watu! Lakini mkwe hapigiwi kelele. Basi walipoingia Msambweni, na Randu amesimama kando ya njia na kamba yake begani, Alfani aliikandamiza honi kwa kiganja, akampita, akazidi kuikandamiza mpaka langoni mwa hospitali.

"Biasha," alisema Bi Mwanatumu, "mwambie mumeo hapa pana wagonjwa."