Leleshwa za Upande wa Juu

Mwalimu Chepkemoi alijua kwamba ndugu yake ameamua kuuza upande wake wa shamba siku alipoikuta bikoni mpya ya mpaka, saruji yake bado mbichi, katikati ya vichaka vya leleshwa. Alikuwa amepanda huko juu kukata fito za maharagwe. Alirudi nyumbani bila fito.

Shamba hilo baba yao alilipata zamani, walowezi walipoondoka na watu wakaungana kuyanunua mashamba yao. Lilianzia karibu na barabara ya Njoro, likapanda mteremko. Chini walilima mahindi. Juu hawakupagusa. Huko kulikuwa na leleshwa zenye majani ya kijivu na harufu kali, migunga, kanga, digidigi, na mizinga ya baba. Mzee alipofariki waligawana kwa mdomo tu: Chepkemoi abaki chini kwenye nyumba na mahindi, mdogo wake Kiprugut achukue kichaka. Wakati huo hakuna aliyedhani kichaka kingepata mnunuzi. Kisha Nakuru ikafanywa jiji, na jiji likaanza kuupanda mlima.

Jirani yao Kosgei ndiye aliyetangulia kuuza. Tingatinga ilifagia kila kitu, wapima ardhi wakakata ploti za futi hamsini kwa mia, na mvua ya masika ilipokuja haikupata cha kuizuia. Iliuzoa ule udongo mwepesi, ikapita nao katikati ya mahindi ya Chepkemoi, ikaacha korongo ambamo ndama angeweza kutumbukia.

Chepkemoi alimpigia Kiprugut simu jioni ya siku ile aliyoiona bikoni.

"Umepimisha bila kuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Si unaona sasa, dada. Mimi nimetengeneza malori ya watu mpaka nywele imeanza kuwa nyeupe. Nataka gereji yangu. Hiyo kichaka haijawahi kunipa hata kikombe ya chai."

Chepkemoi alikata simu. Kwa majuma kadhaa hawakusemezana. Kanisani, yeye alikaa mbele na Kiprugut akakaa karibu na mlango.

Jumamosi moja alasiri mwanamke asiyemjua alibisha langoni, viatu vimejaa vumbi. Alijitambulisha kwa jina la Nabalayo, nesi, mwenye ile nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa kwanza kwenye shamba la Kosgei.

"Mathe, nimesikia ploti za huko juu zinauzwa. Dada yangu anatafuta."

Chepkemoi alitaka kumfukuza. Lakini mgeni ni mgeni. Alimkaribisha, akammiminia mursik, maziwa ya kuchacha ya kibuyuni. Nabalayo alikunywa, kisha akasema, "Lakini kwanza niulize. Watafyeka?"

"Kuna asiyefyeka?"

"Sisi tulionyeshwa picha ya miti. Tulipokuja kujenga tukapata uwanja. Upepo ukivuma naziba dirisha na gunia, na mtoto anakohoa tangu Januari. Hapa kwenu nimefika tu kwa ua, nikasikia hewa imebadilika."

Chepkemoi akamtazama upya. Kisha alichukua panga lake, wakapanda pamoja. Nabalayo aliuliza jina la kila mti, akasugua jani la leleshwa kiganjani na kulinusa mara nyingi. Kundi la kanga lilipokatiza mbele yao, alisimama akacheka peke yake.

"Kama ningekuwa na uwezo, ningenunua hata mahali pa kukaa tu hapa," alisema. "Si pa kujenga. Pa kukaa."

Neno hilo lilimganda Chepkemoi. Siku zote alikuwa amewaona watu wa mjini kama nzige wanaokuja kukila kichaka. Hakuwahi kufikiri kwamba wengine walikuwa wamekuja kukitafuta.

Jumatatu baada ya shule alishuka mjini hadi gereji alikofanya kazi Kiprugut. Alimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Aliivuta ndoo akaikalia.

"Nimekuja tuongee," aliiambia miguu.

"Ongea."

"Chukua shamba langu la mahindi. Uza hilo. Huko juu tupaache."

Spana iliacha kulia. Kiprugut akajivuta nje, uso umepakaa oili.

"Na wewe utakula nini?"

"Niko na mshahara, niko na ng'ombe, na bustani ya nyuma itanitosha. Atakayenunua ploti chini apate haki juu: kutembea, kuweka mzinga, kuokota kuni iliyoanguka. Asijenge huko, asikate. Wakili atuandikie, iwe kitu cha kudumu."

"Ngigi atacheka." Ngigi alikuwa broka wake wa kuuza ploti.

"Acha acheke."

Kiprugut aliifuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nitafikiria," alisema, akarudi chini ya lori.

Alhamisi, Chepkemoi akiwa darasani, simu ilimtetemekea mfukoni. Ilikuwa Nabalayo. "Mwalimu, tingatinga imepita hapa kwangu ikielekea kwenu juu."

Aliomba ruhusa akatoka mbio. Njiani alimpigia Kiprugut. Simu iliita mpaka ikanyamaza. Alipofika, mashine ilikuwa imeshafungua njia pana ndani ya kichaka. Leleshwa zililala mizizi juu, mzinga mmoja umepasuka, na nyuki wanazunguka bila pa kutua. Ngigi alisimama kando katika shati safi.

"Madam, hii ni upande wa Kiprugut. Bikoni ndizo hizo," alisema kwa upole.

Ilikuwa kweli. Chepkemoi alienda tu akasimama mbele ya mashine. Baada ya muda Nabalayo akaja kusimama kando yake, kisha wanawake wawili wenzake wa ploti za Kosgei. Dereva aliwatazama, akazima injini.

"Mimi siendeshi mashine penye watu," alimwambia Ngigi.

Walikuwa bado wamesimama hivyo bodaboda ilipomleta Kiprugut, amevaa ovaroli ya kazi. Alikuwa ameiona simu ya dada yake, akajua kuna jambo huko juu. Hakumsalimia mtu. Alipita juu ya leleshwa zilizopondwa, harufu yake ikiwa imejaa kote, akachuchumaa kwenye mzinga uliopasuka, akaviokota vipande na kuvilaza pamoja.

"Nani alikwambia ufyeke?" alimwuliza Ngigi.

"Boss, si tulikubaliana? Ploti safi inauzika haraka."

"Tulikubaliana utafute wanunuzi. Mwambie huyu arudishe mashine."

"Utajuta."

"Labda."

Tingatinga iliposhuka, wale wanawake nao wakashuka, na ndugu hao wawili wakabaki peke yao.

"Uliamua lini kupaacha?" Chepkemoi aliuliza.

"Sijui. Nilikasirika vile uliongea na miguu yangu kama mtoto amekosea. Halafu jana mteja ananiuliza, kwenu kukoje? Nikaanza kumwambia, na vile naendelea naona nazungumza juu ya huku juu tu. Mahindi hata sikuyataja."

Mambo ya wakili na wapima ardhi yalichukua karibu mwaka mzima. Ngigi alisema kweli kwa jambo moja: ploti zao za shamba la mahindi hazikuuzika haraka. Dada wa Nabalayo alinunua ya kwanza, na wengine wakaja polepole, wengi wao baada ya kutembezwa huko juu. Mnunuzi mmoja alikata mgunga apate nguzo za ua. Ukaitishwa mkutano mkali, akapanda miche na kuimwagilia mpaka ikashika. Kiprugut hakupata gereji ya ndoto zake. Alipata kibanda kikubwa cha mabati kando ya barabara, na jina lake mlangoni.

Chepkemoi hukumbuka mahindi yake. Asubuhi nyingine hutoka na jembe, akakutana na ukuta wa mtu. Lakini njia iliyofunguliwa na tingatinga imeanza kuzibika yenyewe, kwa kuwa leleshwa huchipua kutoka mizizini. Na masika yaliyopita Nabalayo aliwakusanya watu wa shamba la Kosgei, wakaja na matoroli kumwomba mbegu na miche. Kiprugut ndiye aliyewapandisha juu, akiwaonyesha kwa kidole mti huu na ule, na kuitaja kwa majina ambayo Chepkemoi alidhani ameshayasahau.