Wageni wa Anastazia

Anastazia, mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali pale Dodoma, alikuwa na wageni. Siyo wa kupikiwa wali. Ilikuwa fangasi ya ukeni, inayowasha mpaka mtu anasahau herufi ya "k" iko wapi kwenye mashine, na mwaka ule wa tisini na tano ilikuwa imemrudia mara ya nne. Kwa kuwa neno lenyewe lilimshinda kutamka, yeye na Loisi wa masijala walikubaliana waite "wageni".

Ukiniuliza mimi, soko huria lilichangia. Soko la Majengo lilikuwa limefurika sabuni za kunukia za kila rangi, na Anastazia kila akiwashwa alinunua yenye harufu kali zaidi, akajisugua nayo mpaka ndani. Dawa nayo aliitumia siku mbili. Akipata nafuu, iliyobaki anaitia kabatini eti akiba. Mgeni gani asingerudi kwa mapokezi hayo?

"Shoga, wageni wamerudi," Anastazia alimnong'oneza Loisi Jumatatu asubuhi. "Tena safari hii wamekuja kwa nguvu. Ngoja Jumatano!"

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki ya nesi Mwantum, mara moja tu kwa mwezi. Lakini hayo Bwana Batholomeo, mkuu wa ofisi, hakuyajua. Alikuwa upande wa pili wa ubao unaogawa chumba, akadaka "wageni" na "Jumatano" tu. Alikuwa mtu mwema mwenye udhaifu mmoja: aliogopa wageni wa kutoka Dar es Salaam kuliko radi. Kufika saa nne mawe ya njiani yalikuwa yamepakwa chokaa, mapazia yamefuliwa, na mbuzi amefungwa nyuma ya masijala.

Anastazia akaingia kuomba ruhusa.

"Shikamoo mzee. Naomba Jumatano nisije kazini."

"Marahaba. Jumatano? Mwanangu, Jumatano si ndiyo wageni! Hatoki mtu. Tena kaa hapo uchape hotuba."

Anastazia akapiga hesabu. Akiikosa kliniki ni mwezi mzima mwingine wa kujikuna kwa kujificha nyuma ya kabati la mafaili, na alikuwa amechoka, amechoka hasa. Lakini angemwambiaje mtu mzima rika la baba yake? Akakaa kwa upandeupande. Mzee akasoma kwa sauti ya jukwaani, yeye akachapa:

"Wageni wetu wapendwa, jisikieni mko nyumbani. Siku zote mnatutembelea na kuondoka upesi. Safari hii tunaomba mkae. Na mkiondoka, msikawie kurudi."

Vidole vikasimama.

"Hiyo sichapi, mzee."

"Huchapi?"

"Wageni wenyewe ni wangu. Ni fangasi, mzee. Ya ukeni. Inaniwasha tangu Januari, na Jumatano ndiyo kliniki!"

Kule nyuma mbuzi akalia. Bwana Batholomeo alitazama dari, kisha akaichukua hotuba yake na kuisoma kimyakimya tangu mwanzo. Alipofika kwenye "tunaomba mkae" akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Akavuta karatasi ya ruhusa, akaandika, akampa bila kuinua macho.

Jumatano nesi Mwantum, mwanamke wa Kondoa asiyezunguka mbuyu, alimpima, akampima na sukari kwa kuwa maradhi yalikuwa yanamrudiarudia. Sukari ilikuwa salama.

"Sasa sikia, mdogo wangu. Sabuni ya kunukia kafulie mapazia. Nje osha kwa maji, ndani kunajiosha kwenyewe. Nailoni weka kando, vaa chupi ya pamba. Na vidonge hivi vya kuweka ukeni ni vya siku sita. Ukipona siku ya pili, endelea mpaka ya sita. Akiba weka mahindi."

Anastazia alitoka mwepesi, zaidi kwa aibu aliyoitua kuliko kwa dawa ambayo hajaianza. Mlangoni ndipo alipokumbuka kuisoma ile karatasi. Kwenye nafasi ya sababu, kwa mwandiko wa kiserikali na mhuri juu yake, Bwana Batholomeo alikuwa ameandika: "Anakwenda kusindikiza wageni. Asirudi nao."