Ngazi ya Ukumbi wa Hollis Fork

Ngazi ile ilinunuliwa na chuo, lakini hapakuwa na mtu Hollis Fork aliyeigusa bila ruhusa ya Orrin Stuckey. Alikuwa mtunza ukumbi tangu nywele zake zikiwa bado nyekundu. Yeye ndiye aliyepiga deki sakafu ya mpira wa kikapu, akabadilisha taa, akafunga nyavu. Mimi nilifanya kazi chini yake na nilipanga chumba cha juu nyumbani kwake, kwa hiyo ugomvi wa msimu ule niliusikia wote, wa kazini na wa mezani.

Ugomvi ulikuwa kati yake na mdogo wake, Clete. Clete alikuwa kocha wa Tarkin, chuo cha ng'ambo ya mto, kwenye ligi yetu hiyohiyo. Na Wade, mtoto wa pekee wa Orrin, alikuwa anachezea Hollis Fork, mwaka wake wa nne na wa mwisho.

Ligi yetu ni ndogo. Kwenye mashindano ya taifa inapewa nafasi moja tu, na nafasi hiyo haendi nayo aliyeongoza ligi. Ligi ikiisha, vyuo vyote, mpaka vile vya mkiani, vinaingia kwenye mashindano ya mwezi Machi. Ukifungwa mara moja umetoka. Anayebaki ndiye anayekwenda. Aliyeongoza ligi anaambulia jambo moja: hiyo michezo ya Machi anaichezea nyumbani kwake.

Jumapili moja ya Januari, baada ya kanisa, Clete alikuja kula kama kawaida yake. Loretta, mke wa Orrin, alikuwa ameoka nyama na kuponda viazi. Jana yake Hollis Fork walikuwa wamewapiga Tarkin mpaka watu wa Tarkin wakaondoka kabla ya filimbi. Ungedhani Clete angekula kimya.

"Wade," alisema, "jana mmetuchapa. Umefaidi nini?"

"Ushindi, baba mdogo."

"Ushindi wa Januari! Januari watu tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari, basi. Hamna kingine Januari."

Orrin aliweka uma. "Lile jitu lako liko wapi?"

"Tavian? Goti."

"Goti! Jumatano ameonekana uwanja wa nyuma ya kanisa la Wabaptisti, anaruka kama kulungu."

"Labda kaombewa."

"Unamficha, Clete."

"Namtunza. Kumficha ni kitu kingine."

"Watu wanatoa hela yao mlangoni waone timu, unawaletea nusu timu. Huo ni wizi. Mama angekuwa hai angekuzaba kibao."

Clete alicheka, akajiongezea mchuzi. "Sheria sikuitunga mimi. Wangesema anayeongoza ligi ndiye anayekwenda, Tavian angecheza hata na mkongojo. Wamesema ni mshindi wa Machi. Basi, mimi ni mtu wa Machi."

"Mtu ni anayeamka kila siku akaenda kazini," Orrin alisema. Shingo yake ilikuwa imeiva. "Wewe unalala mwezi mzima, siku ya mshahara ndiyo unapiga mswaki."

"Na mshahara nachukua."

"Jamani, mezani pangu hapana," Loretta alisema, akaleta pai ya tofaa.

"Mkatie huyo kipande chembamba," Orrin alisema. "Januari yote hajafanya kazi."

Wade alicheka peke yake. Baba yake na baba yake mdogo hawakucheka. Clete alikula kipande chake chembamba, akafuta mdomo, akasimama kuvaa koti.

"Siku hiyo ikifika, kaka, utanitolea ngazi kwa mikono yako."

Alikuwa anasema juu ya desturi yetu. Anayeshinda fainali hupanda ngazi na kukata wavu wa kikapu, kila mchezaji uzi wake, kocha anamalizia. Ngazi anaitoa mtunza ukumbi wa mwenyeji, hata kama aliyeshinda ni mgeni.

"Nikikutolea ngazi wewe," Orrin alisema, "watu wajue mimi ni maiti, nimesahaulika kuzikwa."

Tangu siku ile Clete hakuja tena Jumapili.

Hollis Fork waliendelea kushinda. Orrin alikataa kubadilisha nyavu, ingawa zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya chai kwa kuguswa. "Nyavu hizi zimeona kila mchezo," aliniambia. "Mpya hazijui kitu." Usiku tukitoka kazini alikuwa akinisimulia vikapu vya Wade kana kwamba mimi sikuwepo, hata vile vya Novemba. Kijana hakuwa mrefu sana wala hakuwa na mbio. Alikuwa tu yule anayekuwepo mahali pake kila safari. Baba yake alipenda hicho kuliko kama angepaa.

Mwisho wa Februari, Jumamosi, waliongoza ligi. Ilikuwa haijatokea tangu kabla Wade hajazaliwa. Watu walishuka majukwaani wakajaa sakafuni na viatu vyao vya matope, na kwa mara ya kwanza Orrin hakumfokea mtu. Wade alikuja mbio, amelowa, ameshika mkasi wa kushonea wa mama yake. Alikuwa ameuficha kwenye begi la jezi.

"Baba! Ngazi!"

Orrin alitikisa kichwa. "Bado."

"Bado nini? Tumeongoza!"

"Ngazi ni ya fainali. Ukikata wavu leo unajitafutia mkosi. Hapa kwetu hatujawahi kuitoa Februari. Muulize kocha wako."

Kocha aliinua mabega. "Wiki ijayo, vijana. Tusijifanye tumemaliza."

Wade alisimama chini ya kikapu, ameinua uso, mdomo wazi kidogo. Wenzake walianza kwenda kuoga. Yeye alibaki hapo mpaka nikafika na deki nikamzunguka.

"Wiki ijayo, mwanangu," Orrin alisema, akampiga begani.

"Sawa, baba." Akarudisha mkasi kwenye begi.

Wiki iliyofuata goti la Tavian likapona. Tarkin walikuwa wa saba katika ligi ya vyuo vinane. Wakawapiga wa pili, wakawapiga wa tatu. Vijana wetu nao walishinda michezo yao miwili. Jumapili mchana, saa ya watu kutoka kanisani, basi lao lilisimama mbele ya ukumbi wetu kwa ajili ya fainali. Clete alishuka na koti jipya. Alipopita mlangoni alimwambia Orrin, "Habari za Januari?"

"Pita uende," Orrin alisema.

Sitaki kusimulia mchezo wote. Tavian alikuwa mkubwa, amepumzika, na miguu ya vijana wetu ilikuwa na majira yote ya baridi ndani yake. Hata hivyo hawakuachwa. Watu wetu walimzomea Clete kwa jina. Bibi mmoja anayekaa safu ya mbele miaka yote, Mkristo kabisa, alimwita nyoka. Clete akamgeukia, akajifanya anavua kofia ambayo hakuvaa, akainama kama anashukuru. Hapo hata waliokuwa wamekaa wakasimama.

Mwishoni Wade alipata mpira pembeni, mahali pake, akautupa, ukaingia. Tuko mbele kwa kikapu kimoja. Orrin alinishika mkono nikaona vidole vyake vimekuwa vyeupe. Wakarudi upande wa pili, Tarkin wakatupa wakakosa, mpira ukarudi kwa Tavian, akatupa akiwa katikati ya watu wetu watatu, na refa akapuliza. Umeingia, na amechezewa faulo. Akapewa mtupo mmoja wa bure. Akaufunga. Kengele ikalia kabla Wade hajavuka nusu ya uwanja.

Nimewahi kusikia vilio. Ule ulikuwa ukimya, na katikati yake vijana wa Tarkin wanapiga kelele kama watoto mtoni.

Ofisa wa ligi, kijana mwenye tai, alikuja kwa Orrin. "Mzee, ngazi tafadhali. Wana basi."

Orrin alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo. "Imevunjika."

"Niliiona asubuhi, mzee."

"Imevunjika tangu asubuhi."

Yule kijana akanitazama mimi. Nikatazama deki yangu. Akaenda kumwita Clete.

Clete alikuja na mkasi mkononi, ameutoa nyumbani kwake, ana uhakika wake huyo. "Kaka, toa ngazi."

"Walete wakuinue mabegani. Si una jitu?"

"Orrin. Usijiaibishe mbele za watu."

"Aibu unaijua wewe? Hawa vijana wamefanya kazi tangu Novemba, barafu, mafua, mitihani. Wewe umekuja siku tatu. Siku tatu! Umeingia nyumba ya watu wamepika, ukakaa ukala."

"Ndiyo sheria."

"Sheria ya wezi. Kama hivi ndivyo, michezo ya majira yote ilikuwa ya nini? Waambie watu hawa walikuwa wanakuja kuangalia nini!"

Watu walianza kusogea. Mmoja akasema, "Mwambie, Orrin!" Wade naye alikuwa amekuja, jezi imemganda mwilini, akasimama nyuma ya baba yake mdogo. Nadhani Orrin hakumwona.

Clete hakupaza sauti. Ndipo nikajua anakuja kuumiza.

"Jumamosi mlipoongoza ligi," alisema, "ngazi uliitoa?"

Orrin alijisogeza zaidi mbele ya mlango wa stoo.

"Maana mimi nilisikia. Mto wenyewe mdogo, habari zinavuka. Nimesikia kijana alisimama hapa na mkasi wa mama yake, ukamwambia wiki ijayo. Majira yote unanihubiria kila mchezo una thamani yake, mpaka nimeacha kula kwako. Siku ya kuonyesha hiyo thamani ikaja, ukafunga stoo. Ukasema ya kweli ni Machi." Aligeuza mkasi kiganjani. "Mimi na wewe tuna dini moja, kaka. Mimi tu sioni haya kuisema."

Yule aliyesema "Mwambie, Orrin!" alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mpe ngazi, baba," Wade alisema.

Orrin aligeuka akamwona. Alitoa funguo, akakosea tundu mara kadhaa, akafungua. Ngazi akaibeba mwenyewe, hakutaka nimsaidie, akaitega chini ya kikapu kilekile ambacho Wade alisimama chini yake siku ile. Vijana wa Tarkin walipanda mmoja mmoja. Tavian hakuhitaji kufika juu. Clete alimalizia, akauvaa ule wavu wa rangi ya chai shingoni, akashuka. Chini alisita mbele ya Wade, akavuta uzi mmoja.

"Chukua, mwanangu. Umecheza."

"Peleka Tarkin, baba mdogo," Wade alisema. "Usije ukaacha kitu."

Clete alikunja uzi ule akautia mfukoni. Basi lao likaondoka.

Ukumbi ulipobaki mtupu, nilifagia karatasi na bisi. Orrin alivuta ngazi mpaka upande wa pili, kwenye wavu uliobaki, akaitega. Hakupanda. Alikaa kwenye kidato cha chini cha ngazi akisubiri. Wade alipotoka kuoga, nywele zinadondosha maji, Orrin alisimama.

"Huu wamekuachia," alisema. "Panda. Toa mkasi wako, nitakushikia ngazi."

Wade aliutazama wavu. "Nikate nini?"

"Wavu. Mmeongoza ligi."

"Jumamosi ile ulikuwa wavu, baba. Leo ni kamba."

"Wade, nilikuwa nakutakia—"

"Najua ulichokuwa unanitakia."

"Huyo baba yako mdogo, shetani yule, asikutie sumu."

"Yeye sijali. Anajulikana. Wewe ndiye nilikuamini." Alisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kama kinambana. "Novemba, Desemba, nilikuwa nadhani unaviona vile vikapu."

"Nilikuwa naviona! Muulize binti huyu!"

Wade aliniangalia. Nilisema kweli, kwamba alikuwa ananisimulia vyote. Wade akaitikia kwa kichwa, ila haikumsaidia, niliona. Aliweka begi begani akaenda mpaka mlangoni. Hapo akageuka.

"Mwaka kesho wakiongoza, watolee ngazi."

"Mwaka kesho hutakuwepo," Orrin alisema.

"Ndiyo maana nakwambia leo."

Mlango ule mzito ukajifunga wenyewe, polepole, kama kawaida yake.

Orrin alisimama na mikono yake mitupu. Halafu akaniambia nilete wavu mpya stoo, kwa sababu kesho yake asubuhi watoto wa shule wana mchezo na kikapu hakiwezi kukaa uchi. Nilimshikia ngazi akaufunga. Ule wa zamani wa upande wa pili hakuugusa. Vikapu vikawa hivyo, kimoja cheupe, kimoja cha rangi ya chai, na watu wakiuliza anawaambia wacheze mpira.

Nilipokunja ngazi kuirudisha stoo, alinizuia.

"Iache hapo ukutani."

"Watu wataigusa."

"Waiguse," alisema, akachukua deki kutoka mkononi mwangu.